Mwandishi Alisimama Wapi Alipoutazama Mlima?

Ukisahihisha karatasi za fasihi ya Kiswahili za kidato cha sita, kuna sentensi utakutana nayo mpaka macho yachoke: "Mwandishi ana msimamo wa kimapinduzi." Anaandikiwa Shaaban Robert. Anaandikiwa Kezilahabi. Anaandikiwa Penina Muhando. Chini yake inafuata falsafa, "Mwandishi anaamini kwamba...", na hapo mwanafunzi anapachika methali yoyote inayokaribia, anapiga mstari na kwenda swali linalofuata.

Siwalaumu. Ndivyo sisi walimu tulivyowafundisha. Imani ya mwandishi tumeiweka mwishoni mwa orodha, baada ya dhamira, migogoro na ujumbe, kana kwamba mtu huandika kwanza halafu ndipo aanze kuamini. Mimi nashikilia kinyume chake. Imani ya mwandishi na jamii iliyomlea ndizo zinazoamua ataona nini na atapita wapi bila kugeuza shingo, atamhurumia nani, nani atapewa maneno na nani ataachwa aitikie tu. Huo ni uamuzi unaofanyika kabla ya sentensi ya kwanza. Na kwetu hapa Moshi tuna kipimo ambacho wenzetu wengi hawana: kitu kimoja kikubwa, kinachoonekana na kila mtu, kilichoandikwa na watu wa imani tofauti kabisa. Mlima Kilimanjaro.

Bibi yangu wa Kibosho alikuwa na mlima wake. Alipokuwa akisimulia, Kibo na Mawenzi, vile vilele viwili, walikuwa ndugu waliokaa jirani. Mawenzi alikuwa mzembe, hajui kutunza moto. Kila ukimzimikia anapiga hodi kwa Kibo kuomba kaa. Siku hiyo Kibo anatwanga. Akampa kaa, Mawenzi akaondoka, moto ukazimika njiani, akarudi. Akapewa tena, ukazimika tena, akarudi. Kibo uvumilivu ukamwishia, akamshukia kwa mchi kichwani. Ndiyo maana Mawenzi hadi leo kichwa chake kimechanika-chanika na cha Kibo kimetulia. Kila ukoo una namna yake ya kuisimulia, na wengine wana mambo ya ndizi na mengine mengi, lakini jiko, kaa na mchi havikosekani.

Itazame vizuri hadithi hiyo. Hakuna anayepanda kilele. Theluji haistaajabishwi. Kuna jiko, mchi, uvivu na subira ya jirani inayofika mwisho. Imetungwa na watu wanaoishi kihamba kwa kihamba (kihamba ni shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake), ambako moshi wa jirani unauona kupitia migomba, na maji ya mfereji mnagawana kwa zamu. Katika jamii ya namna hiyo mtu asiyeweza kutunza moto wake ni mzigo kwa wote, na swali kubwa la maisha ni hili: utamvumilia ndugu yako mpaka lini? Hapo mlima hauna budi kuwa jirani. Na silaha iliyotumika ni mchi, chombo cha mwanamke, kwa sababu waliosimulia hadithi hiyo jikoni walikuwa wanawake.

Mwaka 1848 alifika mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann. Aliuona weupe kileleni akatambua ni theluji, na kwa maelezo yake mwenyewe alikaa akasoma Zaburi ya 111, ile inayosifu matendo makuu ya Bwana. Huko Ulaya wataalamu wa jiografia walimbishia kwa miaka: theluji jirani na ikweta haiwezekani. Yeye aliona kazi ya Muumba, wao waliona kosa la macho. Hakuna hata mmoja aliyemwona Kibo akitwanga.

Halafu akaja Ernest Hemingway. Aliwinda Tanganyika mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934, akashikwa na ugonjwa wa kuhara uliosababisha asafirishwe kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa. Mwaka 1936 akachapisha hadithi yake fupi ya theluji ya Kilimanjaro. Mhusika wake, Harry, ni mwandishi aliyechomwa na mwiba porini, mguu umeoza, na yuko kambini anasubiri ndege huku akikumbuka hadithi zote ambazo hakuwahi kuziandika. Mwishoni anaota ndege imefika na inampeleka kwenye kilele cheupe. Mwanzoni mwa hadithi kuna chui aliyekutwa amekauka kwa baridi karibu na kilele, na chui huyo alikuwapo kweli: mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, alimkuta karibu na ukingo wa Kibo mwaka 1926.

Hemingway alijeruhiwa Italia mwaka 1918 akiwa kijana mdogo, katika vita vilivyokausha imani za watu wengi wa rika lake. Yale maneno makubwa, utukufu, kafara, taifa, kwao yalibaki matupu. Kilichobaki cha kumpimia mtu ni namna anavyokabili kifo chake, peke yake, bila kulia. Kwa mtu wa imani hiyo mlima wetu haukuwa na njia nyingine. Ulilazimika kuwa mweupe, kimya, mbali, na mahali pa kwenda kufia.

Naipenda hadithi hiyo na ninaisoma na wanafunzi wangu nje ya mtaala. Lakini ninawaomba wamtafute Molo. Wengi hawamkumbuki hata baada ya kuisoma yote. Molo ni mtumishi wa kambini. Harry anaita, Molo anaitika kwa "Bwana", analeta wiski na soda. Basi. Mtu huyo ndiye aliyekuwa anamwona mgonjwa kwa karibu kila siku, anabeba, anawasha moto, pengine anajua dawa ya kidonda au anamjua mtu anayeijua, na hapewi sentensi moja ya kwake. Hemingway hakukaa chini akapanga kumnyamazisha. Jamii iliyomleta huku ilikuwa imekwisha kumpa nafasi moja tu mtu kama Molo, na mwandishi hodari kiasi kile, aliyeweza kusikia kila kitu ndani ya moyo wa Harry, hakusikia kitu kwa aliyeshika trei.

Mwaka mmoja niliwapa zoezi la kuandika usiku ule kwa macho ya Molo. Darasa likawaka. Mmoja alimfanya Mwislamu wa Pangani anayehesabu siku za mwezi mtukufu huku akimwaga wiski. Mwingine akamfanya mlokole wa mwanzo-mwanzo anayemwombea Harry kimyakimya. Binti wa Mwika akamfanya Mchagga, na Molo wake hakuutazama mlima hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Mwalimu, kwani wewe kila asubuhi unautazama?" Nikamwongezea alama.

Tarehe 22 Oktoba 1959 mlima ukabadilika tena. Mwalimu Nyerere, akihutubia Baraza la Kutunga Sheria, alisema Watanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka yetu, ulete matumaini pasipo na matumaini, upendo palipo na chuki, heshima palipojaa dharau. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha kweli kileleni. Sisi tulikariri maneno hayo shuleni kama maneno ya siasa tu. Lakini mtu aliyelelewa katika Ukatoliki akiyasikia atasikia na kitu kingine chini yake: ile sala inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ya kuomba kupeleka upendo penye chuki na matumaini penye kukata tamaa. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi, na baadaye alizitunga Injili kwa utenzi. Mlima wa Rebmann ulikuwa ushahidi wa Mungu, wa Hemingway ulikuwa kifo, wake ukawa kinara cha taa. Nao ni mlima uleule.

Katikati ya hao wote kuna kitabu ambacho ninasikitika kukiona kimesahauliwa huku kilikoandikiwa. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle, mangi (yaani mtawala) wa Marangu, alichapisha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Alikiandika kwa Kiswahili. Hapa Kilimanjaro watu waliokuwa wamekwisha kuandika kwa kina kuhusu mila zetu walikuwa wageni, na mkubwa wao ni Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi miaka mingi na kukusanya mafundisho ya jando na sheria za ukoo katika majuzuu kwa Kijerumani. Gutmann alizipenda mila hizo, kwa hiyo simshutumu. Ila alikuwa akiwaandikia wasomi wa kwao. Marealle aliandika kama mtu ambaye wazee wanaosimuliwa ni babu zake, mtu mwenye jina la ubatizo na kiti cha mangi kwa wakati mmoja. Anamfuata Mchagga toka kuzaliwa mpaka ng'ambo ya kifo, na wafu katika kurasa zake bado ni watu wa nyumbani, wana haki zao, wanaweza kukasirika.

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu aliyebatizwa aliandika hivyo, nenda kihambani Desemba, wakati magari yamepanda kutoka Dar na familia nzima imerudi. Asubuhi ibada, mchana mbege, pombe yetu ya ndizi, na kabla ya jua kuzama baba mkubwa anawapeleka vijana nyuma ya nyumba penye makaburi, palipozungushiwa mimea ya masale. Jani la sale ndilo linaloweka mpaka wa shamba, ndilo linaloshikwa na anayekwenda kuomba radhi, ndilo linaloota juu ya babu. Hapo hakuna anayejiona amegawanyika. Watu wanapita kutoka ibada hii kwenda ile bila kubadilisha hata viatu. Kitabu cha Marealle kina utulivu huohuo, na wasomaji wanaotafuta humo ugomvi mkubwa kati ya dini na mila wanakifunga wakiwa hawajauona.

Ugomvi upo, ila ukitaka kuuona vizuri nenda kisiwani Ukerewe, maana huko una waandishi wawili wa nchi moja, Kanisa moja, na vitabu visivyofanana hata kidogo.

Aniceti Kitereza alizaliwa 1896 akasomeshwa na wamisionari Wakatoliki. Mwaka 1945 alimaliza riwaya kwa Kikerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ilikaa miongo bila mchapaji. Akaigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, ikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Ni habari ya mume na mke wasiojaliwa mtoto, na wakwe wanaomrudisha binti yao nyumbani. Myombekere, badala ya kutafuta mwingine, anafunga safari kumfuata mkewe ukweni. Anadaiwa pombe ya ndizi. Kitereza anaeleza pombe hiyo hatua kwa hatua, kwa mapenzi ya mtu anayeogopa kwamba asipoandika leo, kesho hakutakuwa na wa kumwuliza. Wanafunzi wangu, ambao mbege wameijua kabla ya kujua kusoma, hukaa sana kwenye kurasa hizo na kusahihisha: "Sisi hatufanyi hivi, sisi tunatia kimea cha ulezi." Wamisionari hawaonekani katika hadithi. Lakini ile subira ya mume kwa mke asiyezaa, ule uaminifu wa watu wawili, mimi nasikia humo pia Mkristo akiwatafutia mababu zake heshima mbele ya Kanisa lililowaita washenzi.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa kisiwa hichohicho mwaka 1944, akapita seminari ya Nyegezi. Mwaka 1971 akatoa Rosa Mistika, jina lililotoka moja kwa moja kwenye litania ya Bikira Maria. Humo ukoo haumlindi mtu. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na mpigaji, anambana binti mpaka anapotoka nyumbani hana hata silaha moja ya kukutana na dunia. Rosa anaharibikiwa, anajaribu kurudi, anakataliwa, anajiua. Riwaya ilipigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kuwa kitabu cha kiada. Watu walikasirishwa na mambo ya mapenzi, lakini mimi nadhani kilichouma zaidi kilikuwa pale mwisho, Rosa na baba yake wanapopelekwa mbele za Mungu na swali la nani mwenye kosa kuulizwa huko. Ni mtu aliyekulia seminarini tu anayeweza kufikiria kwamba kesi hiyo isiyo na jibu duniani lazima isikilizwe mahali fulani. Hata baada ya kutilia shaka majibu aliyofundishwa, alibaki na maswali yake. Ninapomsoma huwa siwezi kukubali wepesi ule wa "mwandishi haamini Mungu" ninaouona kwenye karatasi za mitihani.

Wawili hao wamepishana miaka arobaini na kitu ya kuzaliwa, na kati ya riwaya zao kuna Uhuru na Azimio la Arusha, lile la siasa ya ujamaa.

Azimio nalo ni la kwetu. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha Januari 1967, na tarehe 5 Februari likatangazwa. Jengo liko Kaloleni, siku hizi ni makumbusho, karibu na mnara wa Mwenge, na daladala zinapita hapo wenye haraka zao. Ninapowapeleka wanafunzi huko, huwa nawaambia wasitazame picha za viongozi tu. Wafikirie maelfu ya beti zilizotoka kwenye kikao kile.

Mathias Mnyampala, kwa mfano. Mgogo, Mkristo, aliyekwisha kutunga tenzi za Injili na za Zaburi kwa bahari, yaani aina ya ushairi, iliyolelewa na Waislamu wa pwani. Ngonjera za UKUTA (chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania), zilizochapwa mwanzoni mwa miaka ya 70 yeye akiwa amekwisha fariki, zilikaririwa na watoto wa shule nchi nzima. Ngonjera ni watu wanaobishana kwa beti. Mmoja amekosea, mwingine yuko sahihi, na kufikia beti za mwisho aliyekosea amekubali na wanamaliza pamoja. Hilo umbo lenyewe ni imani. Linasema mpinzani ni mtu ambaye hajaeleweshwa bado. Linasema taifa linaweza kukaa chini likafikia neno moja. Ninapozisoma leo sizicheki. Kulikuwa na watu walioamini hivyo kwa moyo wao wote, na nchi changa yenye makabila zaidi ya mia moja ilihitaji kuamini hivyo.

Kezilahabi katika miaka hiyohiyo alikuwa akifanya kinyume, tena hata kwa umbo. Kichomi, diwani yake ya 1974, iliacha vina na mizani, na wanamapokeo wakamjia juu kama mtu aliyetukana wazazi. Mwaka uliofuata, katika Dunia Uwanja wa Fujo, Tumaini ananyang'anywa shamba na siasa mpya, anaua, ananyongwa. Hakuna ubeti wa mwisho wa kupatana. Katika Gamba la Nyoka, 1979, wanakijiji wanahamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, na vijana wasomi Mambosasa na Mamboleo wanagundua kuwa nadharia waliyoipenda ina sura nyingine inapofika kwenye mlango wa mtu. Nataka wanafunzi waone hili: Mnyampala na Kezilahabi waliishi chini ya Azimio lilelile. Jamii ilimpa kila mmoja swali. Imani ndiyo iliyochagua jibu lingechukua umbo gani.

Na msomaji naye ana jamii yake. Nilimsomea mzee mmoja wa Old Moshi sehemu ya kuhamishwa ile, tukiwa tumekaa kwenye shamba lake la kahawa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huku wangetuhamishia wapi, mwanangu? Juu msitu, chini tambarare. Tulikuwa tumekwisha kubanana." Ni kweli, vihambani kwetu operesheni ya vijiji haikupita kama ilivyopita kwingine. Sisi tulichoona ni mashamba makubwa ya walowezi yakitaifishwa. Kwake kitabu kile kilikuwa habari ya watu wa mbali. Wiki hiyohiyo binti wa darasani ambaye kwao ni Dodoma alishindwa kukisoma kwa sauti mbele ya wenzake, kwa sababu bibi yake alihamishwa, na kila Krismasi husimulia mambo ya vyombo vilivyoachwa.

Siku hizi wanaoandika kutoka huku ni wengi kuliko wakati wowote, hadithi za mfululizo kwenye simu, kila jioni sehemu mpya. Nazisoma. Naona humo imani mpya ambayo wahakiki hatujaipa hata aya: kijana maskini wa Sakina au Majengo anainuka kwa muujiza au kwa biashara moja, maadui zake ni wachawi wa ukoo, na kijijini ni mahali pa kukimbia. Mila ambayo kwa Marealle ilikuwa ulinzi, hapa imekuwa kifungo kinachovunjwa kwa maombi ya usiku. Hilo nalo limetoka kwenye jamii halisi, kwenye ajira zisizopatikana, kwenye kesi za ndugu wanaogombania kihamba kilichogawanywa hadi hakigawanyiki tena. Anayeandika hadithi hizo anastahili kusomwa kwa uzito uleule tunaompa Kitereza.

Muhula ujao ninataka darasa lisome Marealle na Kitereza pamoja na mojawapo ya hadithi hizo za simu, na swali litakuwa moja: katika kila kazi, wafu wanawataka nini walio hai? Hadithi ya simu nimekwisha kuichagua. Kitereza ninaye, jalada limebanduka lakini kurasa zote zipo. Marealle ndiye tatizo, nakala moja haitoshi darasa zima. Mwenye nakala hapa Moshi au Arusha, awe ameirithi ya zamani au amenunua ile iliyochapwa upya, na anaweza kutuazima kwa muhula mmoja, naomba anijulishe. Tutaifunika kwa karatasi ya kaki na kuirudisha kama ilivyokuja.